Negativu za zamani za familia: namna ya kuzitoa picha upya ukiwa Tanga

Picha ya arusi ya bibi yangu ilikuwa ukutani kwa shangazi, Ngamiani, tangu sijazaliwa. Masika moja bati likavuja usiku kucha, maji yakateremka nyuma ya fremu na picha ikagandana na kioo. Tulipojaribu kuibandua, uso wa bibi ulibaki kwenye kioo. Shangazi hakusema neno. Aliingia chumbani akatoka na kopo la biskuti lililojaa bahasha za kaki. Babu alikuwa na desturi ya kudai negativu zake, yaani zile filamu ambazo picha huchapwa kutoka kwazo, kila alipochukua picha studio, na zote alizitia humo.

Ya arusi ilikuwamo. Nilipoiinua kuelekea dirishani nikaona kitu ambacho ukutani hakikuwahi kuwapo: kushoto, pembeni kabisa, mtoto wa kiume wa miaka kama sita ameshika pazia la studio. Fundi aliyesafisha picha alimkata. Miaka yote ile tulikuwa tukitazama picha pungufu bila kujua.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna kopo kama lile, lichukulie kwa uzito. Negativu ndiyo picha yenyewe. Ile ya ukutani ni nakala moja tu, jinsi fundi mmoja alivyoona inafaa siku hiyo.

Kufungua na kukagua

Chagua siku kavu. Pwani yetu haiachi unyevu, lakini asubuhi ya Januari au Februari, wakati wa kaskazi, ni afadhali mara nyingi kuliko katikati ya masika. Tandika shuka jeupe safi mezani, zima feni isipeperushe vumbi, nawa mikono na uikaushe vizuri. Mikono yenye mafuta ya nazi huacha alama ambayo hutaiona leo. Utaiona picha ikishakuzwa. Shika kila negativu kwa kingo zake tu. Ukipata glavu nyembamba za pamba, vaa.

Toa rababendi, pini na selotepu zote zilizofunga bahasha, ila selotepu iliyonata kwenye negativu yenyewe usiivute. Bahasha usizitupe. Maandishi ya fundi, tarehe, hata jumla ya shilingi iliyoandikwa kwa penseli ni ushahidi wa picha ilipigwa lini na kwa ajili ya nani.

Kisha zitenge kwa ukubwa, maana ukubwa ndio utakaoamua kifaa na bei. Mkanda mwembamba wenye matundu pande zote mbili ni wa milimita 35, na kila fremu ina milimita 24 kwa 36. Zile pana zisizo na matundu, upana wa sentimita 6 hivi, zimetoka kwenye filamu ya 120: nyingine ni mraba wa 6 kwa 6, nyingine ndefu za 6 kwa 9. Hizi pana ni hazina. Picha nyingi za studio za enzi za babu zetu zilipigwa kwa filamu kubwa, na ukubwa huo una maelezo mengi kiasi kwamba unaweza kuhesabu shanga shingoni. Ukikuta vioo, navyo ni negativu. Vitenge peke yake, visilaliane.

Tazama pia rangi ya filamu. Ikiwa ya machungwa, ni picha ya rangi. Ikiwa ya kijivu, ni nyeusi-nyeupe. Picha nyeusi-nyeupe imejengwa kwa chembe za fedha, yale madini yenyewe, na kwa kawaida hudumu. Ya rangi imejengwa kwa rangi za kikemikali ambazo hufifia hata zikiwa gizani. Kama fedha za kushughulikia zote kwa mara moja hazipo, anza na za rangi.

Tumia na pua. Filamu nyingi za zamani zimetengenezwa kwa asetati, na asetati ikianza kuoza hutoa harufu ya siki. Joto na unyevu huharakisha, na vyote viwili Tanga havina uhaba. Negativu inayonuka siki itajikunja, itasinyaa, na mwisho utando wa picha utajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Huo uozo haurudi nyuma, na mvuke wake huwaambukiza majirani. Zitenge siku hiyohiyo, na ziwe za kwanza kunakiliwa, hata kabla ya za rangi.

Kuna aina moja ya hatari. Filamu za kale kabisa zilitengenezwa kwa nitrati, ambayo hushika moto kwa kasi na ni vigumu kuuzima. Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1951. Tazama ukingoni: ukisoma neno SAFETY, ondoa hofu. Ukisoma NITRATE, au ukikuta filamu ya kale isiyo na neno lolote, imekuwa ya manjano, inanata au inageuka unga wa kahawia, itoe jikoni na mbali na taa ya moto, iweke peke yake penye hewa, na usiipitishe kwenye kifaa chenye joto. Nimewahi kusikia mtu akishauri kuchoma kipande kidogo ili kujua aina. Usijaribu.

Ukungu nao ni mwenyeji wa kwetu. Utauona kama nyuzi nyeupe au madoa yenye matawi. Kosa la watu wengi ni kuosha kwa maji. Utando wa picha ni jelatini, ukungu huila na kuilainisha, na maji yakigusa hapo picha inaweza kuondoka yote. Kausha kwanza: weka negativu kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, siku kadhaa. Ukungu ukishakauka, vaa barakoa, toka uani, ufagie kwa brashi laini sana upande wa mgongo wa filamu, ule unaong'aa. Upande wa picha uache kama ulivyo. Zilizogandana pia usizibandue kwa nguvu. Zitie silika, na zikikataa, ziache zisubiri mtu mwenye uzoefu.

Kuisoma negativu kabla ya kuilipia

Negativu ina pande mbili. Mmoja unang'aa, huo ni mgongo. Mwingine umefifia kidogo, huo ndio wenye picha. Ukiishika unaong'aa ukikutazama wewe, unaona watu walivyokaa kweli. Ukigeuza, kushoto kunakuwa kulia. Kwa picha zetu kuna kipimo kizuri kuliko vyote: kanga. Kama kuna mwanamke aliyejifunga kanga na maandishi yanaonekana, yasome. Yakisomeka, upande ni sahihi. Nimemkuta shangazi wa baba yangu amepinduliwa kwenye picha iliyokuwa albamuni miaka mingi, na aliyegundua ni mtu aliyetaka kusoma jina la kanga akashindwa.

Kuisoma sura kwenye negativu ni kazi, kwa kuwa weusi umekuwa weupe na weupe weusi. Simu yako inaweza kusaidia. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, washa kugeuza rangi, kisha fungua kamera. Weka negativu mbele ya kompyuta iliyofunguliwa ukurasa mweupe na uitazame kupitia simu. Watu watatokea kama walivyo, wakikutazama. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo kwa shangazi, kazi ya nyumbani ilisimama mchana mzima.

Hapa ndipo pa kuchagua. Si kila fremu inahitaji kuchapwa, lakini usimwachie fundi achague, wala usiache fremu kwa sababu ina watu usiowajua. Wewe huwajui, pengine wapo wanaowajua.

Neno moja kuhusu sitara. Katika bahasha za nyumba zetu mna picha walizopigwa kina mama ndani, vichwa wazi, siku ya singo au ya kumtoa mwali. Zilipigwa kwa kuaminiana. Kabla hujazipeleka kwenye kaunta ya mtu au kuzirusha kwenye kundi la familia, waulize wenyewe, na kama hawapo, waulize binti zao. Hizo zinakiliwe nyumbani kwa simu, njia nitakayoieleza hapa chini.

Kutoa vumbi

Puliza kwa kipira cha mpira, kile cha kufinya. Usipulize kwa mdomo, mate hayakosekani. Kilichobaki kifagie kwa brashi laini. Alama za vidole upande wa mgongo zinaweza kufutwa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo spiriti ya isopropili ya asilimia 98 au zaidi. Spiriti ya kawaida ya dukani huwa na maji mengi, haifai. Ukiwa na shaka, acha. Vumbi linafutika kwenye kompyuta, mkwaruzo uliouweka wewe leo utabaki.

Kunakili: skana, simu, au chumba cha giza

Njia ninayoipendekeza kwanza ni skana yenye taa kwenye mfuniko, inayopitisha mwanga katikati ya negativu. Skana ya kawaida ya steshenari humulika kutoka chini peke yake, na ukiweka negativu humo utatolewa kipande cheusi. Swali la kwanza la kumuuliza fundi ni hilo: “Fundi, mashine yako inamulika kutoka juu?” Akisita, shukuru uende duka jingine. Studio nyingi siku hizi hutegemea kuchapa kutoka kwenye simu na flashi, kwa hiyo zungukia kadhaa za katikati ya mji kabla ya kufikiria safari ya Dar es Salaam. Na kama ni Dar, zibebe mwenyewe mkononi. Mzigo wa basi ukipotea, hakuna wa kukulipa.

Sasa hesabu, na ni muhimu kuijua, kwa sababu ukinyamaza utapewa kiwango cha chini. Picha nzuri inahitaji pikseli 300 kwa kila inchi. Fremu ya milimita 35 ikiskaniwa kwa 2400, yaani pikseli 2400 kwa kila inchi ya negativu, inatoa takriban pikseli 3400 kwa 2270, zinazotosha picha ya inchi 11 kwa 7 na nusu. Ukitaka kubwa ya inchi 8 kwa 12, omba 3200. Negativu za 6 kwa 6 ni kubwa, hivyo 1200 tu inakupa picha ya karibu inchi 9 kila upande, na 2400 inakupa ya inchi 17. Skani kwa kiwango cha juu mara moja, usirudie kuzitoa bahashani kila mwaka. Omba faili la TIFF la kutunza na JPEG ya kuchapa.

Skana nyingi zina kipengele cha kufuta vumbi kwa mwanga wa infraredi, kinachoandikwa Digital ICE. Kwa filamu ya rangi ni msaada mkubwa. Kwa nyeusi-nyeupe ya kawaida, sisitiza kizimwe. Fedha iliyomo kwenye filamu huzuia mwanga huo, mashine inadhani nyusi na kope ni uchafu, inazifuta. Ukiona sura imekuwa kama imepakwa nta, sababu ni hiyo.

La mwisho kwa fundi, na kwangu ni la kwanza: askani fremu nzima, mpaka ule ukingo mtupu wa filamu uonekane pande zote nne. Kukata tutakata baadaye, tukitaka.

Njia ya simu inatosha kwa picha za albamu, hasa kwa negativu kubwa. Chukua tableti au simu ya pili, fungua ukurasa mweupe, pandisha mwanga mpaka mwisho. Usiilaze negativu juu ya kioo chake, kamera itanasa vinukta vya kioo. Inyanyue sentimita mbili au tatu kwa fremu ya kadibodi nyeusi iliyokatwa dirisha la ukubwa wa negativu, ili mwanga wa pembeni usiingie. Funga madirisha, zima taa, zima na flashi ya kamera. Simu inayopiga isishikwe mkononi: iweke juu ya vitabu viwili vilivyoachana, lenzi ikitazama chini sambamba na negativu, na utumie kipima muda cha sekunde mbili. Halafu fungua picha kwenye programu ya kuhariri na ugeuze rangi. Nyeusi-nyeupe itakaa vizuri mara moja. Ya rangi itatoka na ubuluu kwa sababu ya ule umachungwa wa filamu, na itakubidi urekebishe nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Inachosha, lakini inawezekana.

Na kama unamjua mzee mwenye chumba cha giza cha kuchapia picha kinachofanya kazi, karatasi na dawa zikiwapo, mpe angalau moja nyeusi-nyeupe aisafishe kwa mkono. Negativu ya 6 kwa 9 anaweza hata kuilaza moja kwa moja juu ya karatasi na kuipiga mwanga, ukapata picha ya ukubwa uleule, safi kama maji ya kisima.

Kukabidhi negativu kwa mtu

Duka la kwanza nililopeleka lilinirudishia mkanda wa fremu sita umekatwa moja moja ili zikae kwenye kishikizo, na mkasi ulipita juu ya bega la baba. Sikuwa nimesema zisikatwe. Sasa nasema, na naandika juu ya bahasha: “Zisikatwe.” Nazihesabu mbele ya fundi, nazipiga picha kwa simu juu ya kaunta, naomba risiti yenye idadi, na napeleka chache kwanza. Akizitendea vizuri tatu, nampelekea thelathini. Bei ulizia kwa fremu, na uulize kama kuskani na kuchapa ni bei moja au mbili.

Mafaili uyachukue kwa flashi. Ikibidi WhatsApp, atume kama dokumenti. Yakitumwa kama picha yanabanwa, na kazi yote ya skana inapotea njiani.

Kurekebisha bila kubadilisha mtu

Rekebisha mwanga, futa vumbi na mikwaruzo, simama hapo. Mambo mawili naomba uyakatae waziwazi. La kwanza ni mashine au fundi kung'arisha ngozi. Marekebisho ya kujiendesha huona uso mweusi na kudhani mwanga ulipungua, basi humfanya bibi kuwa wa kijivu, kama aliyepakwa majivu. Kaa karibu na fundi, mwambie apunguze mpaka weusi wa ngozi urudi na mwanga wa shavuni ubaki. La pili ni programu za akili bandia zinazodai kusafisha sura iliyofifia. Hazirudishi kilichofutika, hubuni. Nilijaribu kwa picha moja ya babu, nikapewa mzee mwenye meno yaliyopangika. Babu alikuwa na mwanya, na mwanya huo nimeurithi.

Kuchapa

Fremu ya milimita 35 inaingia bila kukatwa kwenye inchi 4 kwa 6 na 8 kwa 12. Ukiagiza 8 kwa 10, inakatwa. Negativu ya mraba ikilazimishwa kwenye 4 kwa 6 inapoteza theluthi nzima, na kwa kawaida zinazopotea ni miguu na vilemba. Agiza ichapwe mraba, au ibaki na ukingo mweupe.

Uliza karatasi. Picha iliyotolewa kwa mashine ya leza ya steshenari kwenye karatasi inayong'aa haifanani na iliyosafishwa kwenye karatasi halisi ya picha, wala haidumu sawa. Kwa ukutani chagua isiyong'aa, na mwambie fundi wa fremu aweke kadibodi yenye dirisha kati ya picha na kioo. Ile nafasi ndogo ya hewa ndiyo ambayo picha ya bibi haikuwa nayo.

Majina

Kabla ya kuchapa kubwa, panga picha ndogondogo ishirini kwenye karatasi ya A4, kila moja na namba, uzichape kwa bei rahisi na uzipeleke kwa wazee. Kaa, usiharakishe, washa kirekodi cha simu kwa idhini yao. Waulize mahali pia. Kama picha ni ya mtaani na jengo halitambuliki, nenda na nakala Boma la zamani, kwenye makumbusho ya Urithi Tanga, ulinganishe na picha za kale za mji.

Karatasi yangu niliipeleka Pangani kwa mdogo wake bibi. Alipofika namba 7 alivua miwani, akaivaa tena.

“Bibi, huyu mtoto wa pazia ni nani?”

“Hee, mjukuu wangu! Si babu yako wa Muheza huyu? Mlango wa studio ulikuwa wazi, upepo wa bahari unapeperusha pazia, akaambiwa alishike. Akalishika.”

Majina yaandike nyuma ya picha, karibu na ukingo, kwa penseli laini, bila kukandamiza. Karatasi ya plastiki ikiikataa penseli, tumia kalamu yenye wino usiofutika na uache ukauke kabla ya kupanga. Namba ileile iandike kwenye bahasha ya negativu na kwenye jina la faili.

Kuzirudisha mahali salama

Kopo la biskuti limestaafu. Kila mkanda sasa una bahasha yake ya karatasi isiyo na tindikali, au plastiki ya poliesta au polipropilini. Ile plastiki laini yenye harufu ya kapeti jipya ni PVC, inaharibu. Bahasha zimo kwenye boksi lenye mfuniko mzuri na silika, ambayo naibadilisha kila baada ya masika na vuli. Boksi liko rafu ya kati ya kabati: chini kuna maji na mchwa, juu kuna joto la bati. Vidonge vya nondo visikaribie. Zinazonuka siki zina boksi lao, chumba kingine. Mafaili yapo sehemu tatu, kwenye kompyuta yangu, kwenye flashi ya shangazi, na kwa binamu aliye Mwanza.

Picha ya arusi niliichapa inchi 8 kwa 8, fremu nzima. Moja ipo Ngamiani. Nyingine niliipeleka Muheza, kwa babu ambaye hakuwahi kujua kwamba yumo. Aliitazama muda mrefu, akaweka kidole juu ya mkono ule mdogo ulioshika pazia, akaniuliza kama naweza kumtolea nyingine kwa ajili ya mwanawe.